Malango ya Kale ya Mifereji: Fonserannes, Bingley, Caen Hill au Rideau?

Anayetaka kwenda kuona malango ya kale ya mifereji huanza na swali moja: ngazi ndefu zaidi iko wapi? Picha ndizo zinazochochea swali hilo, kwa sababu vyumba vinane vya maji vilivyopandana mlimani huvutia jicho kuliko chumba kimoja kilichojificha porini. Mimi nashauri uchague kwa njia nyingine. Kila lango la kale lilijengwa na watu waliobanwa na jambo fulani: udongo unaosukuma kuta, mlima mkali, maji haba, au mto uliojaa maporomoko. Amua kwanza ni tatizo lipi ungependa kuona lilivyotatuliwa, ndipo utajua pa kwenda.

Nitalinganisha sehemu nne ambazo bado zinafanya kazi: Fonserannes nchini Ufaransa, Bingley na Caen Hill nchini Uingereza, na mfereji wa Rideau nchini Kanada. Banavie ya Scotland na Berg ya Sweden nitazigusa kwa kifupi, kwa kuwa kuna wasomaji ambao hizo ndizo zitakazowafaa.

Lango linavyofanya kazi

Lango la maji ni chumba cha mawe au matofali kilichojengwa pale mfereji unapobadilisha kimo, chenye milango upande wa juu na upande wa chini. Mashua inayopanda huingia kutoka chini, milango ikafungwa nyuma yake. Maji ya juu huachiliwa yaingie chumbani kupitia vali, mashua ikainuka pamoja nayo, na maji yakilingana na ya upande wa juu, milango ya juu hufunguliwa. Hakuna injini inayobeba mashua. Uzito wa maji ndio unaofanya kazi yote.

Wachina walifika hapo mapema. Mwaka 984, Qiao Weiyue, ofisa wa enzi ya Song aliyesimamia usafirishaji kwenye Mfereji Mkuu, alichoshwa na mashua za nafaka ya kodi zilizovunjika zikiburutwa juu ya miteremko, huku wezi wakinufaika na vurugu hizo. Alijenga milango miwili iliyoachana hatua 50 hivi, maji yakawa yanapandishwa na kushushwa katikati yake. Ulaya ilichelewa. Ila huko Milan, mwishoni mwa karne ya 15, Leonardo da Vinci alichora milango ya aina ambayo ingeenea kote: mbao mbili zinazokutana kwa pembe, ncha ikielekea upande wa maji mengi, mithili ya viganja viwili vilivyogusana kwenye vidole. Maji ya juu yakisukuma, milango hukazana yenyewe. Kadiri yanavyosukuma ndivyo inavyozidi kuziba.

Ukifika kwenye lango lolote linaloendeshwa kwa mikono, angalia mtu anapojaribu kufungua mlango kabla ya wakati. Tuseme upande mmoja wa mlango una upana wa mita 2 na umezama mita 3. Tofauti ya sentimita 10 tu kati ya maji ya juu na ya chini inaukandamiza kwa nguvu ya takriban kilo 600. Watu wanne hawausogezi. Subiri kidogo, maji yalingane, na mtu mmoja ataupeleka kwa mgongo wake bila kuhema. Wajenzi wa kale walilijua hilo, na ndiyo maana milango yao haikuhitaji kufuli.

Tofauti moja ya ujenzi itakusaidia sana kuchagua. Kuna *ngazi ya malango*, ambako vyumba vimeshikana na mlango wa juu wa chumba kimoja ndio mlango wa chini wa chumba kinachofuata. Kuna pia *msururu wa malango*, ambako kila lango lina milango yake pande zote, na kati ya lango na lango kuna kipande cha mfereji au bwawa. Ngazi huokoa mawe, mbao na nafasi. Msururu huokoa muda, kwa sababu mashua zinazopanda na zinazoshuka zinaweza kupishana katikati. Fonserannes na Bingley ni ngazi. Caen Hill ni msururu. Rideau ina vyote viwili.

Fonserannes: ukitaka kuona ukuta unavyopambana na udongo

Canal du Midi una urefu wa kilomita 240, kutoka Toulouse hadi bwawa la Thau kando ya Mediterania. Aliyeuanzisha, Pierre-Paul Riquet, alikuwa mkusanyaji wa kodi ya chumvi, hakuwa na elimu rasmi ya uhandisi. Amri ya mfalme Louis XIV ilitoka mwaka 1666. Riquet alifariki Oktoba 1680, miezi michache tu kabla ya mfereji kufunguliwa Mei 1681. Maelfu ya watu walichimba, na wanawake walikuwa wengi miongoni mwao, jambo ambalo masimulizi ya mfereji huu mara nyingi hulipita kwa sentensi moja.

Fonserannes iko kwenye kilima nje kidogo ya mji wa Béziers. Ina vyumba 8 na milango 9, na inapanda mita 21.5 katika umbali wa takriban mita 300. Lakini usihesabu vyumba kwanza. Simama ukingoni utazame umbo lake. Kuta hazikunyooka, zimepinda kwenda nje, kila chumba kimekuwa kama yai lililokatwa ncha zote mbili. Sababu yake ni ajali. Kuta za baadhi ya malango ya mwanzo ya mfereji huu zilijengwa zimenyooka, zikabomoka. Chumba kikiwa kimejaa, maji ya ndani na udongo wa nje husukumana na kuusaidia ukuta usimame. Kikimwagwa, udongo uliolowa hubaki ukisukuma peke yake, na ukuta ulionyooka hauna cha kuegemea. Riquet na mafundi wake waliupinda ukuta ukawa tao lililolazwa ubavu. Udongo ukisukuma, mawe hubanana badala ya kuachana. Ni wazo la daraja la mawe, ila limegeuzwa likatazama pembeni.

Gharama yake nayo ipo. Chumba cha duaradufu hunywa maji mengi kuliko cha mstatili chenye milango ya upana uleule, na Languedoc, eneo la kusini mwa Ufaransa ulipo mfereji huu, ni nchi ya kiangazi kikali. Ndiyo maana Riquet alitangulia kutafuta maji: alikusanya vijito vya milima ya Montagne Noire, akajenga bwawa kubwa la Saint-Ferréol, na kuyapeleka maji hadi Naurouze, sehemu ya juu kabisa ya mfereji, ili yateremke pande zote mbili. Bila bwawa hilo, vile vyumba vya duaradufu vingekuwa mashimo matupu.

Kuna jambo jingine pale ambalo ni nadra kulipata kwingine. Kando ya ngazi hii kuna mteremko wa zege uliojengwa mwaka 1983. Mtambo mkubwa ulitakiwa kusukuma kabari ya maji pamoja na mashua juu ya mteremko, ili mashua kubwa zisipite kwenye vyumba vya kale. Uliharibika mara kwa mara ukaachwa. Vyumba vya karne ya 17 vinapitisha mashua hadi leo. Nakushauri utembee ngazi yote, kisha uende ukatazame mteremko huo, ndipo utaelewa kwa nini watu wa uhifadhi husisitiza kwamba ufundi wa kale usichukuliwe kama hatua ya kitoto kuelekea wa kisasa.

Udhaifu wa Fonserannes ni kwamba haiendeshwi tena kwa mikono. Milango ya mbao imeondoka, mitambo imechukua nafasi yake, na kwa kuwa mashua hupita kwa saa maalumu, unaweza kufika ukakuta vyumba vimetulia. Wageni nao ni wengi wakati wa joto. Sehemu ya vyumba pia haitumiki tangu mwaka 1858, lilipojengwa daraja la maji linalovusha mfereji juu ya mto Orb. Lakini daraja hilo lenyewe linastahili safari, na si mbali kuna handaki la Malpas lenye urefu wa mita 173, ambalo Riquet alilipasua mlimani wakati wapinzani wake wakisema haliwezekani. Mfereji wote uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1996.

Bingley: ukitaka kuielewa ngazi kwa akili na macho

Bingley Five Rise iko Yorkshire, kwenye mfereji wa Leeds na Liverpool wenye urefu wa kilomita 204. Vyumba ni 5 tu, lakini vinapanda mita 18 katika umbali wa takriban mita 100. Hakuna ngazi ya malango yenye mwinuko mkali kuliko hii nchini Uingereza. Ilibuniwa na John Longbotham wa Halifax na kujengwa na waashi wa vijiji vya karibu, ikafunguliwa tarehe 21 Machi 1774. Umati mkubwa ulikusanyika. Inasimuliwa watu walifika 30,000. Mashua ya kwanza ilishuka kwa dakika 28.

Ninaipendekeza Bingley kwa mtu anayetaka kuelewa, kwa sababu ukisimama chini unaona vyumba vyote vitano kwa mara moja, na kanuni ya ngazi inaonekana bila maelezo marefu. Mashua inayopanda huhitaji chumba cha chini kiwe kitupu na vinne vya juu vijae, kwani kila chumba hujazwa na kile kilicho juu yake. Mashua inayoshuka huhitaji kinyume chake: chumba cha juu kabisa kijae na vinne vya chini viwe vitupu vikisubiri kupokea. Mtu akikosea mpangilio huo, chumba kilichojaa kitamwagiwa maji mengine na kufurika. Ndiyo maana kuna njia za maji ya ziada pembeni, na ndiyo maana wapita njia hawaruhusiwi kuendesha ngazi hii bila mwangalizi wa lango.

Hapo ndipo utakapoona ni kwa nini mashua hupangwa kwa makundi. Zikipanda tatu mfululizo, kila moja hutumia ujazo wa chumba kimoja tu, kwa sababu ya kwanza ikifika juu huacha vyumba vyote vimejaa, na chumba cha chini pekee ndicho kinachomwagwa kwa ajili ya inayofuata. Ukibadilisha mwelekeo, vyumba vinne vilivyojaa lazima vimwagwe kabla ya mashua ya kushuka kuanza. Mwangalizi mzuri anayahesabu hayo kichwani kabla hujamfikia kumsalimu. Mpe muda, mwache amalize kupitisha mashua, kisha muulize. Kwa maoni yangu maarifa hayo ya waangalizi ni urithi sawa na mawe yenyewe, na ndiyo yanayopotea upesi kuliko mawe.

Hesabu ya milango nayo inaonyesha akili ya Longbotham. Malango matano yaliyoachana yangehitaji seti 10 za milango. Ngazi ya vyumba vitano inatosheka na 6. Milango ya mwaloni ni ghali leo kama ilivyokuwa ghali wakati ule.

Kufika ni rahisi: mji una stesheni ya treni kwenye njia ya kati ya Leeds na Skipton, na unatembea kandokando ya mfereji hadi kwenye ngazi. Ukipitia njia hiyo utakutana kwanza na ngazi ndogo ya vyumba vitatu. Watu wengi huipita haraka. Isimamie kidogo, kwa sababu ni mahali pazuri pa kujifunzia mpangilio wa maji kabla ya kukutana na ile kubwa.

Caen Hill: ukitaka kujua maji yalitoka wapi

Nje ya mji wa Devizes, mfereji wa Kennet na Avon unakabiliana na mlima wa mita 72. Mhandisi wake, John Rennie, hakujenga ngazi. Alijenga msururu wa malango 29 katika umbali wa kilomita 3.2, na 16 kati yake yamepangwa kwa mstari ulionyooka juu ya kilima. Ukisimama chini unaona milango yake myeusi yenye ncha nyeupe ikipanda hadi upeo wa macho. Ulikamilika mwaka 1810, ukiwa kiungo cha mwisho cha njia ya maji kati ya London na Bristol. Matofali ya vyumba yalifyatuliwa papo hapo, kwa udongo uliochimbwa kando ya kazi.

Rennie alikuwa na shida moja kubwa. Malango yamebanana mno. Lango moja likimwagwa, zaidi ya lita 200,000 za maji huteremka kwa dakika chache. Kipande kifupi cha mfereji kilicho chini yake kingefurika, na kilicho juu kingekauka. Suluhisho lake ni lile ambalo picha za kutoka angani huonyesha vizuri kuliko za ardhini: kila kipande cha katikati kimepanuliwa kuwa bwawa refu linaloenda pembeni ya mlima. Bwawa hupokea na kutoa maji bila kimo chake kubadilika sana. Leo mabwawa hayo yamejaa matete na ndege, na anayepita asiyejua anadhani ni pambo la mandhari.

Hata hivyo bwawa ni ghala tu. Kila mashua inayopita huchukua maji ya juu na kuyapeleka chini, nayo hayarudi. Tangu mwaka 1996 kuna pampu za kurudisha maji juu ya kilima, zenye uwezo wa takriban lita milioni 32 kwa siku. Ukitaka kuona jibu la zamani kwa swali hilohilo, endelea mashariki kwenye mfereji huohuo hadi Crofton, ambako injini ya mvuke ya Boulton na Watt ya mwaka 1812 ingalipo na huwashwa kwa siku maalumu. Bado inaweza kufanya kazi iliyowekewa, yaani kupandisha maji kwenye sehemu ya juu ya mfereji. Caen Hill bila Crofton ni nusu ya hadithi, na mtu mwenye siku mbili asikose kuziunganisha.

Caen Hill pia ndiyo yenye kisa kizuri zaidi cha uhifadhi kati ya zote nne. Kampuni ya reli ya Great Western iliununua mfereji mwaka 1852, na kwa kuwa ilikuwa na treni zake za kubeba mizigo haikuwa na sababu ya kuujali. Katikati ya karne ya 20 malango haya yalikuwa makavu, milango imeoza, vichaka vimeota ndani ya vyumba. Mwaka 1956 watu wa kawaida walipeleka ombi kwa Malkia lenye saini 22,000 wakipinga mfereji kufungwa. Miaka iliyofuata, watu wa kujitolea walifyeka, wakachimbua matope, wakatengeneza kuta. Tarehe 8 Agosti 1990 Malkia Elizabeth II aliufungua upya. Nikisikia mtu akisema urithi ni kazi ya serikali, huwa namtajia miaka hiyo 34.

Uangalie mlango mmoja kwa karibu. Ni mbao nzito za mwaloni zilizofungwa kwa vyuma, na juu yake kuna boriti ndefu ya kusukumia inayofanya pia kazi ya kusawazisha uzito wa mlango. Mlango wa namna hiyo hudumu miaka 25 hivi. Wanaoutunza mfereji, Canal & River Trust, wanatengeneza mipya kwa mikono kwenye karakana zao za Bradley na Stanley Ferry, kwa vipimo vya kila lango, maana hakuna malango mawili yanayofanana kabisa. Kwa hiyo mlango unaouona si wa mwaka 1810. Kilicho cha kale ni chumba, umbo la mlango na mkono wa fundi unaojua kuuchonga. Wapo wanaoona huo ni upungufu. Mimi naona ndivyo kitu cha kazi kinavyohifadhiwa: ukikataa kubadilisha mlango uliooza, utapoteza lango zima.

Jiandae kutembea. Kwa mashua, msururu wote huchukua saa 5 hadi 6 za kusukuma milango na kuzungusha hendeli za vali, na wageni wenye mashua hufanya kazi hiyo wenyewe, wakisaidiwa na watu wa kujitolea. Ukiomba kusaidia kusukuma mlango, mara nyingi utakaribishwa. Devizes haina stesheni ya treni, hivyo panga basi au gari mapema. Msimu wa baridi una faida yake: ndio wakati malango hukaushwa ili kutengenezwa, na kuna siku wananchi hualikwa kushuka ndani ya chumba kikavu. Ukipata nafasi ya kusimama chini ya mlango ambao maji yake yamezuiwa, ukaona alama za kamba na mashua kwenye kuta juu ya kichwa chako, utaelewa ukubwa wa kazi hii kuliko kwa kusoma kitabu chochote.

Rideau: ukitaka kuona lango likiendeshwa kama zamani

Mfereji wa Rideau unaunganisha Ottawa na Kingston kwa kilomita 202. Ulitokana na vita vya mwaka 1812 kati ya Uingereza na Marekani. Njia ya mto St. Lawrence ilipita kando ya mpaka, ndani ya shabaha ya mizinga, na jeshi la Uingereza lilitaka njia ya ndani. Kazi alipewa Luteni Kanali John By wa kikosi cha wahandisi, naye aliifanya kuanzia 1826 hadi 1832.

By alifikiri tofauti na wenzake wa Ulaya. Hakuchimba mfereji kando ya mto, aliuinua mto. Alijenga mabwawa yaliyofunika maporomoko kwa maji tulivu, kisha akaweka lango pembeni ya kila bwawa. Kati ya kilomita 202, takriban 19 tu ndizo zilizochimbwa. Huko Jones Falls bwawa lake la tao la mawe lina kimo cha karibu mita 19, na lilipokamilika hakukuwa na lililolizidi kimo Amerika Kaskazini. Lilijengwa msituni, bila barabara ya maana, kwa mawe yaliyovutwa kwa wanyama na mikono. By pia aliwabishia wakubwa wake hadi wakakubali vyumba vya mita 40.8 kwa mita 10.1, ili meli za mvuke zipite. Uamuzi huo ndio uliofanya mfereji ufae hadi leo.

Kazi hiyo iliua. Wafanyakazi wapatao 1,000 walifariki, wengi wao Waayalandi na Wakanada wasemao Kifaransa, na malaria ilikuwa muuaji mkubwa. Msomaji anayedhani malaria ni ugonjwa wa joto la tropiki tu atashangaa, lakini mabwawa ya Ontario wakati wa kiangazi yalikuwa na mbu wa kutosha kuueneza. Karibu na malango ya Ottawa kuna msalaba wa mawe wa kuwakumbuka. By mwenyewe aliitwa London kuhojiwa kuhusu gharama, akafariki mwaka 1836 bila kupewa heshima aliyostahili.

Uzuri wa Rideau kwa anayependa ufundi ni huu: karibu malango yote bado yanaendeshwa kwa mikono. Watumishi wa Parks Canada, shirika la serikali la hifadhi, huzungusha winchi za chuma zenye minyororo, hatua kwa hatua, na kusukuma milango ya mbao. Ni vituo vichache tu vyenye umeme. Huko Ottawa kuna ngazi ya vyumba 8 inayopanda mita 24 kati ya jengo la Bunge na hoteli ya Château Laurier, katikati kabisa ya jiji. Mashua huipanda kwa saa moja na nusu hivi. Unaweza kukaa kwenye nyasi ukafuatilia mashua moja kutoka chini hadi juu, huku pembeni kukiwa na jengo la ghala la mwaka 1827 ambalo sasa ni makumbusho. Mfereji uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2007, na sababu mojawapo ni hali yake ya kutobadilishwa.

Lakini msimu ni mfupi: kwa kawaida katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba. Nje ya hapo vyumba vya Ottawa ni vikavu, na mfereji wa mjini hugeuka barafu ya kuteleza yenye urefu wa kilomita 7.8. Jones Falls nayo inahitaji gari.

Banavie na Berg kwa kifupi

Banavie, karibu na Fort William, ina vyumba 8 vinavyopanda karibu mita 20 kwenye mfereji wa Caledonia wa Thomas Telford, uliofunguliwa mwaka 1822. Nenda huko ukivutiwa na ukubwa na chuma. Vyumba vilikusudiwa meli za baharini, na kwa kuwa vita vya Napoleon vilikausha soko la mwaloni, milango mingi ilitengenezwa kwa fremu za chuma cha kusubu zilizofunikwa mbao. Mashine zilichukua nafasi ya mikono miaka ya 1960. Mandhari yake, mlima Ben Nevis ukiwa nyuma, hayana mpinzani kati ya sehemu zote nilizotaja.

Berg iko kwenye mfereji wa Göta, kilomita 190 zenye malango 58, kazi ya Baltzar von Platen iliyotumia wanajeshi wapatao 58,000 na kukamilika mwaka 1832. Ngazi yake ya vyumba 7 inapanda mita 18.8. Kwa mtu anayetaka kulala ndani ya meli na kupita lango baada ya lango kwa siku kadhaa, hakuna pengine pazuri kama Göta: meli Juno ya mwaka 1874 bado inabeba abiria.

Nichague ipi?

Kama ujenzi wa mawe ndio unaokuvuta, Fonserannes inazishinda zote. Umbo lile la kuta ni wazo zito kuliko lolote utakaloliona Uingereza au Kanada, na lilifikiwa karibu karne moja kabla ya Bingley kuanza. Lakini mtu asiyependa msongamano aende mwezi Mei au Septemba.

Familia yenye watoto nitaipeleka Ottawa bila kusita. Kazi inaonekana, inakwenda polepole, na mtoto anaweza kuifuata: huyu anazungusha, maji yanaingia, mashua inapanda. Bingley ni ya pili kwa sababu ni fupi na inafikika kwa treni, ila maji yake ni marefu na kingo hazina vizuizi kila mahali, kwa hiyo mkono wa mtoto usiuachie.

Mwenye nusu siku achague Bingley. Mwenye siku mbili na miguu imara achague Caen Hill pamoja na Crofton, na hapo atakuwa ameona mfumo mzima wa maji, kutoka pampu ya mvuke hadi bwawa la pembeni. Mwanafunzi wa uhandisi ningempeleka huko kabla ya pengine popote, kwa sababu vitabu hueleza lango kama chumba kimoja, ilhali kazi ngumu iko nje ya chumba.

Ningekuwa na safari moja tu ya kumpendekezea rafiki asiyejua chochote kuhusu mifereji, ningemwambia aende Rideau mwezi Juni. Fonserannes ina ubunifu mkubwa zaidi na Caen Hill ina kisa kinachonigusa zaidi, lakini Rideau ndiyo inayomwonyesha mtu kazi yenyewe, kwa mikono ileile, vyuma vilevile na mwendo uleule wa mwaka 1832. Aanzie Ottawa asubuhi vyumba vinapoanza kupitisha mashua, kisha siku ya pili aende Jones Falls, akatembee juu ya bwawa la By na kushuka hadi malango yake manne. Afike kabla ya saa sita.